Mashine ya kujaza mafuta inazidisha ghafla: Linux ya muda halisi ndiyo dawa?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina karakana ndogo hapa Singida, natengeneza mashine za kujaza mafuta ya alizeti kwenye chupa. Ndani nimeweka kompyuta ndogo ya bodi moja, Raspberry Pi 4, yenye Linux ya kawaida, na programu nimeiandika kwa Python: inahesabu mapigo ya mita ya mafuta, ikifika lita moja inafunga vali. Mafuta yanapita lita 12 kwa dakika, mita inatoa mapigo 450 kwa lita. Chupa nyingi ziko sawa, lakini mara moja moja inatoka chupa iliyozidi mililita 20 hadi 30, hasa mtu akifungua ripoti kwenye skrini. Rafiki yangu anasema niweke Linux ya muda halisi. Mwingine anasema niachane na Linux kabisa, nitumie mfumo endeshi mdogo kama FreeRTOS au Zephyr. Nifuate lipi? Mwakani nataka kutoka midomo miwili ya kujazia niende sita. Na nikiuza mashine yenye programu huria ndani yake, ni lazima nitoe msimbo niliouandika mwenyewe?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na hongera kwa kazi. Umeleta swali pamoja na vipimo vyake, na vipimo hivyo ndivyo vitakavyotujibu, kwa hiyo tuvipige hesabu kwanza kabla ya kutaja mfumo endeshi wowote.

Lita 12 kwa dakika ni mililita 200 kwa sekunde. Kila milisekunde moja ambayo vali inachelewa kufungwa inaingiza mililita 0.2 kwenye chupa. Chupa iliyozidi mililita 25 inakueleza wazi kwamba mashine ilichelewa kama milisekunde 125. Iandike namba hiyo ukutani karakanani, maana ndiyo inayomtaja mkosaji. Kerneli ya kawaida ya Linux, yaani kiini chake kinachogawa zamu za prosesa, kwenye bodi kama yako, hata ikiwa na kazi nyingi, kwa kawaida huchelewesha programu kwa sehemu ndogo ya milisekunde, na ikibanwa sana hufika milisekunde chache. Milisekunde 125 ni nyingi mno kwa kerneli peke yake. Ucheleweshaji wa ukubwa huo mara nyingi unatoka ndani ya programu yenyewe.

Na wewe mwenyewe umeutaja ushahidi: inatokea mtu akifungua ripoti. Nakisia programu moja ya Python ndiyo inayohesabu mapigo, inayochora skrini, inayoandika kumbukumbu za mauzo na inayotengeneza ripoti. Python ya kawaida, hata ukiigawa nyuzi nyingi (kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja), huruhusu uzi mmoja tu utekeleze msimbo wa Python kwa wakati mmoja. Uzi wa ripoti ukishika zamu na kuingia kwenye maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) isiyoiachia zamu hiyo, uzi wa kuhesabu unakaa pembeni. Kisha kuna memori kadi. Kadi hizi zina kompyuta yake ndogo ndani inayopanga upya data, na ikiamua kufanya usafi wakati wewe unaandika, maandishi yako yanaweza kusubiri mamia ya milisekunde. Kama kitanzi chako, yaani sehemu ya programu inayojirudia, kinasema hesabu, andika kwenye faili, hesabu tena, basi vali yako ya mafuta inaisubiri kadi.

Hapo ndipo Linux ya muda halisi isipokusaidia, na ni bora ulijue hilo kabla hujatumia wiki nzima kuijenga. Kazi ya kerneli hiyo ni kuhakikisha kwamba uzi wenye kipaumbele, ukiwa tayari kufanya kazi, unapewa prosesa papo hapo. Uzi wako hauko tayari. Unaisubiri kadi, au unamsubiri ndugu yake wa ripoti. Hakuna kerneli itakayoweza kumwamsha anayesubiri kitu ambacho hakijafika.

Kuna hasara nyingine inayojificha hapo hapo. Mapigo 450 kwa lita, kwa kasi yako, ni mapigo 90 kwa sekunde, yaani pigo moja kila milisekunde 11. Baadhi ya maktaba za zamani za kusoma pini kwa Python haziweki foleni ya mapigo: huamshwa tu kwamba pini imebadilika. Programu ikilala mapigo yakapita matano, ikiamka inahesabu moja. Kwa hiyo chupa inaweza kuzidi kwa sababu vali ilifungwa kwa kuchelewa, au kwa sababu mapigo yalipotea njiani, na kwa macho huwezi kutofautisha. Maktaba zinazotumia njia mpya ya kerneli ya kusoma pini, kama libgpiod, hupokea mapigo yakiwa kwenye foleni na kila moja lina saa yake. Ukiwa bado kwenye mashine ya sasa, badilisha hiyo leo.

Usichanganye kosa hili na kosa lingine ambalo lazima unalo pia. Mita za gurudumu la plastiki zimetengenezwa kwa maji. Mafuta ya alizeti ni mazito, na uzito huo wa kutiririka hubadilika na joto: asubuhi ya Julai hapo Singida hayapiti kama mchana wa Oktoba, na gurudumu halizunguki idadi ile ile kwa lita ile ile. Kosa hilo huja taratibu, chupa zote za asubuhi zinaelekea upande mmoja. Kosa la programu huruka: chupa arobaini nzuri, moja imefurika. La kwanza linatibiwa kwa mita ya gia za yai, zile zinazokamata ujazo na kuupitisha, ambazo haziyumbishwi sana na uzito wa mafuta. La pili ndilo la mfumo endeshi. Anayekwenda kupima chupa zako sokoni, Wakala wa Vipimo, hatakuuliza kosa lilitoka wapi, lakini wewe ukiyachanganya utatibu lisilohusika.

Sasa tuje kwenye muda halisi wenyewe. Watu wengi wanadhani mfumo wa muda halisi ni mfumo wenye kasi. Muadhini hasifiwi kwa kupanda ngazi mbio; anasifiwa kwa sababu adhana haijawahi kupita wakati wake. Mfumo wa muda halisi unapimwa kwa siku yake mbaya kuliko zote. Raspberry Pi 4 yako ina kasi mara nyingi zaidi ya chipu ndogo ya bei rahisi, lakini chipu hiyo inaweza kukuahidi kwamba hata katika hali mbaya kabisa itafunga vali ndani ya mikrosekunde chache, na Python juu ya Linux ya kawaida haina ahadi ya namna hiyo ya kukupa.

Angalia pia kwamba kuchelewa kwenyewe si adui yako. Vali ya umeme huchukua muda kujifunga, tuseme milisekunde 40, na kwa kasi yako hizo ni mililita 8. Ukijua ni 40 kila mara, unatoa amri ya kufunga mililita 8 kabla ya lita kutimia, na chupa inatoka sawasawa. Kuchelewa kusikobadilika kunasawazishwa kwa kutoa. Kunakoyumba, leo milisekunde 2, kesho 125, hakufutiki kwa hesabu yoyote. Ukiitafuta dawa, tafuta inayoondoa kuyumba.

Ushauri wangu, na nauamini kabisa kwa mashine ya aina yako: usichague kati ya Linux na mfumo mdogo. Tumia vyote viwili, na ugawe kazi. Kuhesabu mapigo na kufunga vali viende kwenye maikrokontrola, yaani chipu ndogo inayoendesha programu yako moja tu. Skrini, ripoti, risiti, mtandao na kumbukumbu vibaki kwenye Linux, na Python yako uliyoizoea ibaki hapo hapo.

Mgawanyo huu umejaribiwa mahali pagumu kuliko karakana zetu. Helikopta ndogo ya NASA iliyoitwa Ingenuity, iliyoruka kwa mara ya kwanza huko Mars tarehe 19 Aprili 2021 na kufikisha safari 72 hadi Januari 2024, ilibeba prosesa ya aina ya simu, Snapdragon 801, ikiendesha Linux kwa ajili ya kamera na kujua iko wapi. Kazi ya kuitunza angani isianguke, inayotaka hesabu mamia ya mara kwa sekunde bila kukosa hata moja, ilipewa maikrokontrola. Na kwenye printa za 3D za plastiki za karakana za kawaida, programu huria iitwayo Klipper inafanya vivyo hivyo: bodi ya Linux inapiga hesabu nzito ya njia ya kichwa, kisha inaituma kwa maikrokontrola pamoja na saa kamili ya kila hatua ya mota. Python ndiyo inayotumika upande wa Linux, na printa hazikosei, kwa sababu kinachotaka saa hakiko mikononi mwa Python.

Nikueleze namna nitakavyoijenga yako. Chukua Raspberry Pi Pico yenye chipu ya RP2040, iliyotoka Januari 2021. Ina viini viwili vya megahezi 133 na kilobaiti 264 za RAM. Kwako ni nyingi kupita mahitaji. Waya wa mapigo wa mita uingie kwenye pini yake, lakini kupitia optokapla (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga) au angalau rezista mbili za kugawa volti, kwa sababu mita nyingi hutoa volti 5 na pini za Pico zinavumilia 3.3 tu. Pini nyingine iende kwenye mosfeti (swichi ya kielektroniki) inayowasha vali ya volti 24, na juu ya koili ya vali weka dayodi ya kurudisha umeme, la sivyo kila ukifunga vali cheche ya koili itakuja kuizima Pico yako, na utailaumu programu bure. Vali yenyewe iwe ya aina inayojifunga kwa springi umeme ukikosekana.

Kila pigo linapofika, linaamsha katizo, yaani ishara inayoifanya prosesa iache ilichokuwa inafanya na kushughulikia tukio mara moja. Ndani ya katizo unafanya mambo mawili tu: unaongeza hesabu, na ikiwa hesabu imefika lengo, unazima pini ya vali hapo hapo. Usitume ujumbe humo, usiandike popote, usipige hesabu za desimali. Midomo sita kwa mapigo 90 ni mapigo 540 kwa sekunde, kwa chipu ya megahezi 133 huo ni usingizi mtupu.

Linux inazungumza na Pico kwa waya wa USB kwa maneno mafupi: mdomo wa 2, jaza mapigo 446. Pico inajibu: mdomo wa 2 umekwisha, mapigo 450, muda milisekunde 4,980. Linux ikiganda katikati, chupa inajaa kawaida na vali inafungwa, kwa sababu Pico haihitaji ruhusa ya mtu kufunga. Na Pico isipoona pigo lolote kwa nusu sekunde wakati vali iko wazi, ifunge na ilalamike: ama tanki limekwisha, ama waya wa mita umekatika. Mashine nyingi za karakana hazina sharti hili, na siku waya wa mita unapoachia, pampu inamwaga mafuta sakafuni hadi mtu apige kelele. Washa pia taima ya ulinzi iliyomo ndani ya chipu, inayoianzisha upya ikiona programu imekwama, na hakikisha mstari wa kwanza kabisa wa programu unapowaka ni kufunga vali zote.

Tahadhari moja ya chipu hii ambayo wengi huikuta wakiwa wamechelewa. RP2040 inasoma programu yake kutoka kwenye flashi, chipu ya hifadhi iliyo nje yake kwenye bodi ile ile. Ukiamua kuhifadhi namba mpya ya usawazishaji kwenye flashi hiyo, kufuta sekta moja huchukua makumi ya milisekunde, na wakati huo msimbo ulioko kwenye flashi hauwezi kusomwa. Makumi hayo ya milisekunde unajua sasa ni mililita ngapi. Hifadhi namba wakati vali zote zimefungwa tu. Na andika kwa C. MicroPython ni nzuri kwa majaribio, ila nayo husimama mara kwa mara kusafisha data isiyotumika tena kwenye RAM, na utakuwa umehamisha ugonjwa badala ya kuutibu.

Sasa, ndani ya Pico, FreeRTOS au Zephyr? Kwa midomo miwili huhitaji mfumo endeshi wowote: makatizo na kitanzi kimoja vinatosha, na programu fupi ndiyo rahisi kukaguliwa. Kwa midomo sita, pamoja na mkanda wa chupa, kifuniko na mawasiliano ya USB, utaanza kuandika kipanga zamu chako mwenyewe bila kujua, na hapo ni bora uchukue kilichokwisha kuandikwa. FreeRTOS ilianzishwa na Richard Barry mwaka 2003, tangu 2017 inatunzwa na Amazon, leseni yake ni MIT, na kiini chake ni kilobaiti kati ya 6 na 12 tu. Unaweza kuisoma yote kwa siku chache na ukaielewa. Zephyr iko chini ya Linux Foundation tangu 2016, leseni Apache 2.0, na inakuja na draiva, mtandao, Bluetooth na mfumo wa kuielezea bodi unaofanana na wa Linux. Ni kubwa zaidi na inachukua muda kuizoea, lakini ukibadilisha chipu kesho kwa sababu ya leo haipatikani madukani, programu yako inahama nayo kwa shida ndogo. NuttX nayo ipo, tangu 2007, inayoendesha rubani wa droni PX4, na itampendeza aliyezoea kuandika programu za Unix. Kwako wewe nachagua FreeRTOS. Kazi yako ni ndogo na iliyo wazi, na siku ikikwama usiku wakati wa msimu wa alizeti, unataka kitu unachoweza kukifuata mstari kwa mstari.

Lakini kuweka mfumo wa muda halisi hakukuhakikishii muda halisi, na hapa nitakaa kidogo. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Pathfinder kilitua Mars. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujianzisha upya yenyewe, na kila mara data ya siku ikipotea au kuchelewa. Mfumo wake ulikuwa VxWorks, mfumo wa kibiashara wa muda halisi, na wenye sifa. Kilichotokea ni hiki. Kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa inashika kufuli (alama ya kiprogramu inayoruhusu kazi moja tu kwa wakati mmoja) la sehemu ya pamoja ya kupitishia data. Kazi ya kugawa data inayopita kwenye njia kuu ya mawasiliano ya ndani ya chombo, yenye kipaumbele cha juu, ikafika ikalihitaji kufuli lile lile, ikasubiri. Hapo sawa, ni kusubiri kidogo. Ila mara nyingine kazi za mawasiliano, zenye kipaumbele cha kati na zinazochukua muda mrefu, ziliingia katikati. Kwa kuwa zilimzidi cheo wa hali ya hewa, zikamnyima prosesa. Naye akiwa amenyimwa, hakuweza kuachia kufuli. Na mkubwa wa wote akabaki anasubiri wadogo. Ukaguzi wa ndani ulipoona kazi kubwa haijamaliza kwa wakati, ukaamua mfumo umeharibika na kuuanzisha upya. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA, waliliiga tatizo hilo kwenye nakala ya chombo waliyokuwa nayo duniani, wakaligundua, wakatuma mabadiliko madogo yaliyowasha kurithi kipaumbele: anayeshika kufuli linalosubiriwa na mkubwa hupandishwa cheo cha huyo mkubwa mpaka aliachie.

Hilo linakuhusu moja kwa moja. Kwenye FreeRTOS kuna zana mbili za kusubirishana, semafora ya hali mbili (binary semaphore) na myuteksi (mutex), na kwa kutazama tu zinafanana, zote unazichukua na kuzirudisha. Myuteksi inarithisha kipaumbele, semafora hairithishi. Midomo yako sita ikishiriki waya mmoja wa USB au skrini moja ndogo, ilinde kwa myuteksi. Semafora iache kwa ajili ya kupeana taarifa kwamba jambo limetokea. Nyuzi za Linux nazo zina ugonjwa huo: kufuli la kawaida la pthread, maktaba ya nyuzi, halirithishi kipaumbele mpaka uombe kwa PTHREAD_PRIO_INHERIT.

Rafiki yako wa Linux ya muda halisi hakukosea kabisa, kwa hiyo nimtendee haki. Marekebisho ya PREEMPT_RT ni kazi ya takriban miaka 20 ya watu kama Thomas Gleixner, Ingo Molnar na Steven Rostedt. Kwa muda wote huo mtu alilazimika kuyapakua pembeni na kuyabandika kwenye kerneli. Septemba 2024 sehemu ya mwisho ikaingia kwenye kerneli kuu, na toleo 6.12 la Novemba 2024 likatoka nayo kwa ajili ya prosesa za aina ya x86, ARM ya biti 64 na RISC-V. Ninaichukulia kuwa moja ya kazi za uvumilivu mkubwa kabisa katika historia ya programu huria, na leo inakufikia wewe Singida bure. Inachofanya ni kuziruhusu hata sehemu nyingi za ndani ya kerneli zikatizwe na uzi wenye kipaumbele: makufuli yake mengi yanageuzwa kuwa ya kulala na kurithi kipaumbele, na ushughulikiaji wa makatizo unawekwa kwenye nyuzi zenye vyeo. Kwenye bodi nzuri, kuchelewa kubaya kabisa mara nyingi hubaki chini ya mikrosekunde mia mbili.

Itafute siku utakapokuwa na kazi inayotaka saa na pia inataka nguvu ya prosesa kubwa: mkono wa roboti wenye mota nyingi zinazopigiwa hesabu kwa pamoja, mashine ya kukata chuma inayoongozwa na LinuxCNC, kamera inayokagua chupa na kuzitupa zenye kasoro kabla hazijapita. Ujue tu kwamba haiji yenyewe. Lazima kerneli ijengwe kwa chaguo la PREEMPT_RT, au uchukue kifurushi kilichokwisha kujengwa, Debian (moja ya matoleo ya Linux) inacho. Uzi wako uombe zamu ya kipaumbele iitwayo SCHED_FIFO, programu ifungie msimbo na data yake yote kwenye RAM kwa mlockall ili kusiwe na ukurasa wa kwenda kuutafuta kwenye kadi, na ndani ya kitanzi kusiwe na kuomba nafasi mpya ya RAM wala kugusa faili. Maana yake C au C++ au Rust, Python hapana. Kisha pima ucheleweshaji kwa programu ya cyclictest usiku kucha, huku stress-ng ikiitesa bodi. Namba ya kusoma ni ile ya juu kabisa. Ya wastani ipite.

Na Pico yako ipime kwa ukali huo huo kabla hujauza mashine hata moja. Hutahitaji mafuta. Chukua Pico ya pili, uifanye itoe mapigo 90 kwa sekunde kama mita. Funga kichambuzi cha mawimbi cha bei ndogo kwenye pini ya mapigo na pini ya vali, fungua PulseView, ambayo nayo ni programu huria, na upime muda kati ya pigo la mwisho na pini kuzimwa. Wakati huo upande wa Linux fungua ripoti zote, chapisha risiti, nakili faili kubwa kwenye flashi ya USB, chomoa kebo ya mtandao na uirudishe. Halafu, Pico ikiwa na umeme wake pekee, izime Linux kwa kuchomoa umeme wake katikati ya chupa. Muda ule usiposogea katika vurugu zote hizo, umemaliza.

Kuhusu kuchomoa umeme: huko kwa wateja utakatika bila taarifa, na memori kadi inayoandikwa wakati huo ndiyo inayokufa. Weka mfumo mzima uwe wa kusomwa tu, na kumbukumbu za mauzo ziende kwenye sehemu yake pekee. Kwa masasisho, gawa kadi iwe na nakala mbili za mfumo, mpya iandikwe pembeni na ile ya zamani ibaki mpaka mpya iwake salama. RAUC na SWUpdate zinafanya hivyo na zote ni huria. Kitufe cha dharura usikipitishe kwenye Linux wala Pico wala mfumo wowote. Kikate umeme wa mota na vali kwa kontakta (swichi kubwa ya umeme), waya kwa waya. Kama mashine yako itakuwa na sehemu ya kukandamiza vifuniko, vidole vya mtu havitakiwi kutegemea msimbo.

Nimalizie na leseni. Kerneli ya Linux iko chini ya GPL toleo la 2, leseni ya programu huria inayodai msimbo utolewe, na maelezo ya leseni yake yanasema wazi kwamba programu za kawaida zinazoiomba kerneli huduma hazihesabiki kuwa sehemu yake. Programu yako ya Python ya ripoti ni yako. Msimbo wako wa Pico juu ya FreeRTOS ni wako pia. MIT inataka tu tamko lao la hakimiliki na leseni vibaki pamoja na programu. Ukibaki nayo karakanani kwako hudaiwi kitu. Ukiuza mashine, unakuwa umesambaza Linux, na hapo mnunuzi ana haki ya kupata chanzo (msimbo asili) cha kerneli uliyoweka, pamoja na mabadiliko yoyote uliyofanya ndani yake na draiva ulizoziunganisha nayo, na vivyo hivyo kwa BusyBox (programu ndogo za msingi za Linux) na wenzake wa GPL. Unaweza kumpa chanzo hicho pamoja na mashine, au kumpa ahadi ya maandishi inayodumu angalau miaka mitatu. Hilo lina meno: mwaka 2003 watu waligundua kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa na Linux ndani bila chanzo kutolewa, kampuni ikalazimika kukitoa, na kutoka kwenye chanzo hicho ukazaliwa mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa ruta.

Kwa hiyo usijenge mfumo wako kwa kunakili kadi iliyokwisha kuchezewa miezi sita mpaka hujui ndani kuna nini. Ujenge kwa Buildroot, zana ya kujenga Linux kutoka kwenye chanzo chake, toleo kwa toleo, kwa faili la mipangilio unalolihifadhi. Ukimaliza, andika amri ya make legal-info: itakutengenezea folda yenye orodha ya kila kifurushi, leseni yake na chanzo chake. Weka folda hiyo kwenye flashi ya USB, ibandike ndani ya mlango wa kabati la mashine, na nakala yake ubaki nayo ikiwa na namba ya mashine husika.